Siku Aliyotwaliwa Bi Mize

Nilipokuwa mtoto kule Madungu, wenzangu wote waliogopa mashetani, na mimi peke yangu niliogopa parapanda. Wao walijua mti gani una wenyewe, kisima gani hakichunguliwi jua la utosi, na njia ipi haipitwi wakati wa magharibi. Walinifundisha yote hayo kama watoto wanavyofundishana, nami niliyashika kwa adabu ya mgeni. Lakini moyoni nilijua kwamba mashetani ya Pemba hayakuwa na shida na mimi. Kilichonitisha kilitoka kanisani kwetu, nacho kiliitwa unyakuo.

Baba yangu alikuwa askari polisi, mtu wa Singida, aliyehamishiwa Chake Chake mimi nikiwa bado nanyonya. Mama alikuwa na cherehani barazani, akishonea majirani magauni na sare za shule. Wakristo tulikuwa wachache, karibu wote watu wa kuja: askari, walimu, na wake na watoto wao. Kanisa letu lilikuwa banda la bati, na mvua ikinyesha mhubiri alilazimika kunyamaza na kuingoja ipite, jambo ambalo sisi watoto tulilipenda kuliko mahubiri yenyewe.

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Bi Mize, mjane wa makamo ya bibi yangu. Kati ya ua wake na wetu palikuwa na uzio wa makuti ulioanguka kabla hatujahamia, na sikumbuki mtu yeyote aliyeona haja ya kuusimamisha. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na bibi yangu mzaa mama alikuwa Singida, nikimjua kwa picha tu. Bi Mize ndiye aliyenikanda mafuta ya nazi nilipokuwa na homa. Ndiye aliyenifundisha kuwaamkia wakubwa kwa chei chei, na kuchambua karafuu bila kuvunja vichwa vyake. Kila Krismasi kuku wetu alichinjwa na mkwe wake Bi Mize, ili chungu kiliwe na watu wote wa nyua mbili. Mama hakuwahi kulieleza jambo hilo kama wema. Lilikuwa utaratibu tu, kama kufunga mlango unapotoka.

Nilimpenda Bi Mize kuliko nilivyompenda baba yangu. Najua si neno la kusema hadharani, na baba ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini yeye alikuwa mtu wa lindo na safari, na Bi Mize alikuwepo kila siku.

Msimu mmoja wa karafuu alikuja mhubiri kutoka bara. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kama angekuwa mpiga kelele pengine nisingemsikiliza, maana watoto huzoea haraka kelele za wakubwa. Alikuwa na sauti ya chini, na macho ya mtu asiyelala vizuri, na alitufundisha maana ya unyakuo kwa utulivu kama anayeelekeza njia ya kwenda sokoni. Alisema kwamba iko siku Bwana atashuka hata mawinguni, parapanda italia, na waliolala katika yeye watafufuka kwanza. Kisha walio hai walio wake watanyakuliwa kufumba na kufumbua, wakakutane naye hewani. Nguo zao zitabaki. Chakula chao kitabaki mezani. Wasio wake wataamka wakute vitanda vitupu, na mlango wa rehema utakuwa umefungwa.

Hapo akatoa mfano ulioniharibia utoto. Alisema siku hiyo wanawake wawili watakuwa kwenye kazi moja ya kusaga, na mmoja ataondoka, mwingine atabaki ameshika alichoshika.

Wenzangu pale kanisani sidhani kama waliona kitu. Lakini mimi niliwajua wanawake hao. Niliwaona kila mara, katikati ya nyua zetu mbili, wakitwanga kisamvu kwenye kinu cha Bi Mize kwa michi miwili, mama akipandisha mchi, Bi Mize akiteremsha, wakizungumza habari za watu bila kukosea pigo. Na mhubiri alikuwa amekwisha kutuambia ni nani atakayebaki.

Tangu siku hiyo sikuwaacha watwange. Wakianza tu, nilijipenyeza katikati nikadai kiu, nikadai tumbo, nikadai kuna mtu anabisha hodi mbele. Nililia bila sababu. Siku moja nilichukua mchi mmoja nikauficha chini ya kitanda cha mama, nikidhani kwamba mtwangaji akiwa mmoja basi hakuna wa kuachwa. Mama aliupata alipokuwa akifagia. Alinivuta hadi uani, akaniuliza mbele ya Bi Mize nina shetani gani.

Nikasema yote. Nilisema parapanda italia, mama ataondoka, na Bi Mize atabaki na mchi mkononi.

Nikikumbuka uso wa mama saa ile naona haya kwa niaba yake hata leo. Mhubiri alikuwa amewasihi waumini wasikae kimya, kila mmoja amwonye jirani yake kabla wakati haujapita, kwa sababu damu ya jirani itadaiwa mikononi mwao. Mama alikuwa amelichukua neno hilo moyoni. Nilikuwa nimemwona anaanza, anasema, "Bi Mize, hivi," halafu anageuza habari kuwa ya chumvi au ya uzi. Sasa mwanawe alikuwa amelitapika lote chini, tena vibaya, na hapakuwa na pa kulificha.

Bi Mize hakukasirika. Alipukusa majani ya kisamvu yaliyomng'ang'ania mkononi.

"Huyo mumngojeae ni Nabii Isa, mwana wa Mariamu?" akamuuliza mama.

Mama akasema ndiye.

"Basi nasi twamngojea. Kumbe twangojea mtu mmoja, kila mtu na baraza yake." Akacheka kidogo, akamshika mama bega. "Ikiwa weye utamwona mwanzo, mwanangu, njoo n'amshe. Mie usingizi wangu mzito siku hizi."

Mama alicheka pia, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha Bi Mize akaniweka mapajani, akanieleza nami kwa zamu yangu, maana alikuwa mtu wa haki hata kwa watoto. Alisema kwao wazee husimulia kwamba dunia ikikaribia mwisho Mwenyezi Mungu ataleta upepo, mwororo kuliko hariri, utakaompitia kila mwenye imani moyoni hata ikiwa chembe. Utamtoa roho bila maumivu, ili asiyaone mabaya yanayokuja. Watakaobaki ndio wenye taabu. Nilimuuliza kama upepo huo utampitia mama. Alisema yeye si mwenye upepo, lakini angekuwa anaulizwa, angeuonyesha nyumba yetu.

Basi kuanzia hapo nilikuwa na njia mbili za watu kuondoka, na nikaanza kusali zipangwe pamoja. Niliomba parapanda ilie siku hiyo hiyo ya upepo, saa hiyo hiyo, ili mama aende na Bi Mize aende na wasiachane njiani. Kwa ajili yangu sikuomba chochote. Nilijua mtoto hubebwa na mama yake.

Wiki ile ile nilitoka shule mchana, nikaingia kwa njia ya uani kama kawaida. Jamvi la karafuu la Bi Mize lilikuwa limeanikwa, na kuku walikuwa juu yake wakitembea kama walio kwao. Mtu asiyejua Pemba hataelewa kwa nini hilo tu lilitosha kunisimamisha. Karafuu iliyoanikwa haiachwi. Atabaki mgonjwa, atabaki mtoto, atabaki hata bibi kizee asiyeona vizuri, mradi awepo mtu wa kufukuza kuku na kutazama mbingu. Sikuwa nimewahi kuona jamvi la karafuu lisilo na mtu.

Kwenye kinu kulikuwa na kisamvu kilichotwangwa nusu. Mchi mmoja ulikuwa umeegemea, mwingine ulikuwa chini. Ndara za mama na ndara za Bi Mize zilikuwa kando ya kinu, kila jozi pale mwenyewe alipozivua ili akite miguu vizuri. Barazani kitambaa cha watu kilikuwa chini ya sindano ya cherehani. Niliita kwetu, nikaita kwa Bi Mize, nikaenda hadi nyumba ya tatu nikaita. Milango ilikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nasema ukweli, na nimewahi kuusema kwa watu wasioniamini. Niliona jozi mbili za ndara zimekaa pamoja, nikajua dua yangu imekubaliwa. Wameondoka wote wawili. Hakuna aliyebaki ameshika mchi.

Halafu ndipo nikajitazama mimi, na mkoba wa shule begani.

Sikulia. Nadhani kuna hofu iliyozidi kilio. Nilikaa kwenye ukingo wa jamvi, nikafukuza kuku. Baadaye mbingu ikaanza kufunga upande wa Wete, na hata nilipoamini kabisa kwamba dunia imekwisha na mimi nimo miongoni mwa waliokataliwa, niliona haifai karafuu za Bi Mize ziloe. Nilikusanya kwa mikono, nikakunja jamvi, nikaliburuta kidogo kidogo hadi chini ya upenu. Sikujua nakusanya kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mvua ikija mtu hakai.

Mama alikuja katikati ya manyunyu. Alikuwa peku, kanga yake imefungwa upande, na alikuwa anatembea polepole, wakati watu wote duniani hukimbia mvua. Nilimkimbilia nikamkumbatia miguu. Nilimwambia nilidhani wametwaliwa, yeye na Bi Mize, nilidhani nimeachwa. Alinishika kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye kinu.

"Tulikuwa tunatwanga tu," akasema.

Kisha akasema tena, vilevile, kama aliyeulizwa na mtu nisiyemwona. "Tulikuwa tunatwanga tu."

Bi Mize alikuwa ameusimamisha mchi wake katikati ya habari, akasema kichwa kinamuuma kwa nyuma. Alikaa chini. Mama alipomaliza pigo lake na kuinama kumwangalia, alikuwa ameshalala ubavu. Mama alipiga ukelele, na mtaa mzima ukatoka kama ulivyo, wengine peku, wengine unga mikononi. Walimpakia kwenye pikapu ya jirani, waliopata nafasi wakapanda, waliokosa wakafuata kwa miguu hadi hospitali. Roho yake ilitoka njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama. Madaktari walisema ni presha.

Kwa Waislamu maiti haingoji. Alirudishwa nyumbani, akaoshwa, akakafiniwa, na alasiri ile ile ua ulijaa. Wanaume walikuwa nje. Wanawake tulikuwa ndani na uani, tumekaa kwenye mikeka, na mama yangu alikuwa kati yetu amejifunika kanga kichwani, hata asiyemjua asingemtambua kuwa si wa humo. Jeneza lilipoinuliwa sauti za wanaume zilipanda pamoja, kisha zikaanza kwenda mbali. Nami niliinuka kuzifuata. Nilifika mlangoni, nikashikwa mkono na Asha, binti yake Bi Mize, ambaye macho yake yalikuwa yamevimba hadi kufumba.

"Sie wanawake twakomea hapa," akaniambia. "Bibiyo katangulia. Sote njia ni hino."

Nilitazama nyuma. Ua mzima ulikuwa wa wanawake walioachwa. Jirani wa nyumba ya tatu, wajukuu, mabibi waliokuja kwa miguu kutoka vitongojini, mama yangu. Hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Sauti za wanaume zilififia, mwisho hazikusikika, na mmoja baada ya mwingine walirudi kukaa pale pale walipokuwa. Nilikwenda kwa mama, nikamuuliza lile swali nililokuwa nalo tangu mchana. Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida, kama ninayeuliza saa.

"Mama, Bi Mize katwaliwa au kaachwa?"

Mama alichukua pindo la kanga akaliweka mdomoni, akaliuma. Nilingoja, nikamvuta mkono, naye akanitazama tu, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Nilimkasirikia. Niliona anajua na ananificha. Leo nina umri uliozidi ule aliokuwa nao mama siku ile, na ninajua hakuwa anaficha kitu. Aliamini kila neno la mhubiri, na kichwa cha Bi Mize kilikuwa mapajani mwake saa chache tu zilizopita, na mambo hayo mawili hayakukubali kukaa pamoja katika mtu mmoja. Sijui mtu hufanyaje akiwa hivyo. Naona ndiyo huzuni kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona, na nilikuwa nimeishika mkono bila kuijua.

Jumapili yake ilikuwa siku ya mhubiri kuagana nasi. Alirudia fundisho la unyakuo tangu mwanzo, kwa sauti ile ile ya upole, kisha akaomba kila aliye tayari kwenda na Bwana asimame kwa miguu yake. Benchi zililia, watu wakasimama. Nilianza kusimama nami, lakini sketi ya mama haikusogea pembeni yangu, nikakaa. Tulikuwa sisi wawili tu tuliokaa, na banda lenyewe lilikuwa dogo, hapakuwa na pa kujificha. Mhubiri alishuka akaja hadi kwetu. Hakuwa na ukali wowote. Aliinama kama anayezungumza na mgonjwa.

"Mama Tumaini, Bwana akirudi saa hii, hauko tayari kwenda naye?"

"Mchungaji," mama akasema, "kuna mtu wangu simwoni humu."

Mhubiri alitazama benchi letu, akamkosa baba. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaliambia kanisa kwamba dada yetu ana mzigo wa mume asiyekuja ibadani, tumwombee. Wakamwombea baba, ambaye siku ile alikuwa lindoni kwa amri ya kazi. Mama aliinamisha kichwa akaitikia amina pamoja na wengine.

Mwaka uliofuata baba alihamishwa, tukaenda kukaa Dodoma. Asha alituletea karafuu kwenye kikapu kidogo cha ukindu, na mama alizigawa zote kwa majirani wapya, hakubakisha hata za kutia kwenye chai. Aliishi miaka mingi katika imani yake. Alifunga, aliimba kwaya, alifundisha watoto wa Jumapili, na hakuna siku niliyomsikia akitia shaka kwamba Bwana atarudi. Lakini wahubiri wa unyakuo hawaishi, na kila alipokuja mmoja na kuomba walio tayari wasimame, mama alibaki kwenye kiti. Alipozeeka watu walidhani ni magoti. Baadhi ya wazee wa kanisa walimwambia kwa upole kwamba anaweza kuinua mkono badala yake. Hakuinua mkono. Amekufa hivyo, na kwenye mazishi yake walisimama wengi wakashuhudia jinsi alivyokuwa mtu wa Mungu.

Mimi sina elimu ya kusema nani atatwaliwa. Nimesoma maelezo ya unyakuo ya kila namna, ya wanaosema utakuja kabla ya dhiki na ya wanaosema baada yake, na yote yanamweleza vizuri yule anayeondoka. Ninachokijua kwa macho yangu ni upande wa pili, wa jamvi la karafuu na ua uliojaa wanawake waliokaa.

Mwezi uliopita binti yangu aliniletea simu yake. Kulikuwa na mtu humo aliyekuwa akitangaza siku ya unyakuo, na siku yenyewe ilikuwa imeshapita. Binti yangu alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama mimi naamini mambo hayo. Ndipo nikamsimulia habari za Bi Mize, ambazo sijui kwa nini nilikuwa sijamsimulia miaka yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akafikiri, halafu akasema kwamba kumbe bibi yake hakuwa akiamini unyakuo.

"Aliamini sana," nikamwambia. "Ndiyo sababu hakusimama."